Uzito wa Nchi

Sultani Mafumbe alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu wake, lakini watoto wa nchi yake walilala na njaa. Mwanajaha, mwenye mtoto dhaifu kuliko wote, akamwendea.

"Bwana, mwaka huu nchi zinapimwa maendeleo. Jirani yako atakushinda."

"Anishinde mimi? Kwa ng'ombe gani?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, bwana. Safari hii wanapima uzito wa watoto."

Kuanzia siku hiyo maziwa ya Sultani yaliingia kila nyumba. Masika yalipokwisha, watoto walikuwa wameota mashavu, na Sultani alikuwa amechoka kungoja.

"Hao wapimaji watakuja lini?"

"Wameshapima, bwana. Ni sisi mama wa watoto," alijibu Mwanajaha, akikaza mbeleko. "Hongera. Wangu sasa ananivunja kiuno."