Kuku Aliyekataa Kishimo Chake Kifukiwe

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yetu Nakijwa, mama yake baba yangu, kule Gonja, mwaka 1983, siku ya nne baada ya mazishi ya Babu. Shangazi Naetwe alisema ilikuwa Jumatano. Baba alisema Alhamisi. Sijapata wa kuwaamua.

Asubuhi ile wanawe watatu wa kiume walikuwa uani wakibishania nani amchukue Bibi akakae kwake. Baba mkubwa Senzia alikaa Dar es Salaam, katikati ya mji. Baba mdogo Mbonea alikuwa amejenga pembezoni mwa Moshi. Baba yangu, Kiangi, alikuwa na nyumba palepale kijijini, ng'ambo ya mto. Bibi alikuwa akipukuchua maharage. Hakuna aliyemuuliza. Akasema, "Kaeni chini." Tukakaa.

"Nina ngano, niitue?"

"Itue!"

"Ni nzito. Mtaibeba?"

"Tutaibeba!"

"Msiimwage njiani."

"Hatumwagi hata punje!"

Hapo kale, kale sana, kuku walipokuwa wakijijengea wenyewe, aliishi Kuku mmoja jina lake Mama Kishungi. Aliishi shamba, chini ya ghala la mahindi. Mbele ya ghala palikuwa na kishimo cha vumbi. Yeye na mumewe walikichakura siku waliyooana, na kila siku jua likipanda walioga vumbi humo.

Siku moja Mwewe akashuka, akamchukua mume. Mama Kishungi akabaki peke yake.

Wakaja wanawe watatu, majogoo wazima. Wa kwanza, Mwekundu, aliishi mjini. Wa pili, Mweupe, aliishi pembezoni mwa mji. Wa tatu, Mweusi, aliishi shamba, hatua mia kutoka kwa mama yake.

Wakasema, "Mama, huwezi kukaa hapa peke yako. Chagua nyumba moja kati ya zetu. Ukishachagua, tutafukia kishimo hiki, tusikukute tena hapa."

Mama Kishungi akawatazama. "Mmeshakubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Bila mimi?"

"Kwa ajili yako, Mama."

"Haya. Nitakaa siku tatu kwa kila mmoja. Lakini kishimo changu msikiguse mpaka nirudi niseme neno langu."

Akaenda mjini kwa Mwekundu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, na ua wake ulikuwa saruji tupu. Wali uliletwa kwenye sahani. Mama Kishungi akala, kisha akasema:

"Nipe vumbi nioge, nipe udongo nichakure. Nisipochakura, miguu hii ya nini?"

"Vumbi? Mama, watu wanakimbia vumbi, wewe unalitafuta?"

Mama Kishungi akachakura saruji. Kra, kra, kra. Kuku wa jirani wakacheka mpaka wakainama. "Bibi, humo umezika nini?"

Alfajiri ikafika, akasubiri mwanawe awike. Kimya. "Mwanangu, unaumwa?"

"Polepole, Mama," akanong'ona Mwekundu. "Hapa sisi hatuwiki. Niliwika mwaka wa kwanza, nikatupiwa kiatu."

Siku ya tatu kucha za Mama Kishungi zilikuwa zimelika. Akasema, "Asante kwa wali," akaondoka.

Akaenda pembezoni kwa Mweupe. Kulikuwa na ukuta, na geti, na Mbwa kwenye geti. Ndani kulikuwa na majani mafupi, ya kijani, yaliyokatwa yakalingana.

"Afadhali hapa," akasema Mama Kishungi. "Nipe vumbi nioge, nipe udongo nichakure. Nisipochakura, miguu hii ya nini?" Akaingiza ukucha kwenye majani.

Mbwa akaja mbio. "Mama mzaa bosi, shikamoo. Majani haya hayachakurwi."

"Marahaba. Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Yanalaliwa?"

"Hayalaliwi. Yanatazamwa."

"Maskini! Yamekosa nini?"

Mweupe akatoka ndani. "Mama, jirani wanaona!"

"Jirani gani? Siku ya pili leo, sijaona hata mdomo wa jirani."

"Wapo nyuma ya ukuta."

Mama Kishungi akaona pia kwamba mwanawe, kabla ya kutia mguu nje, humtazama kwanza Mbwa. Mbwa akitikisa mkia, hutoka. Mbwa akinuna, hurudi ndani. Siku ya tatu akasema, "Asante kwa kivuli," akaondoka.

Akarudi shamba kwa Mweusi. Huko vumbi lilikuwa tele, na Mweusi aliwika mpaka milima ikaitikia. Mama Kishungi akafurahi. "Hapa sasa! Nipe vumbi nioge, nipe udongo nichakure. Nisipochakura, miguu hii ya nini?"

"Oga, Mama, oga," akasema Mweusi. Mama Kishungi alipolala vumbini, puu! Mweusi akamfunika kwa tenga.

"Ni nini hiki?"

"Heshima, Mama. Mwewe asikuone."

"Na mimi nitamwona wapi?"

"Huna haja ya kumwona. Nitamwona mimi. Na ukitaga, usitetee kwa sauti. Boma hili lina sauti moja."

Siku ya kwanza akavumilia. Siku ya pili akavumilia. Siku ya tatu akaweka mguu kwenye ukingo wa tenga, akasukuma, akalipindua, akaondoka. Hakusema asante.

Akafika kwake, chini ya ghala. Akaingia katika kishimo chake, akaoga vumbi mpaka kishungi kikabadilika rangi. Wanawe watatu wakaja. Mweusi alikuja amelibeba tenga lake. Wakasimama ukingoni.

"Mama, umeona kote. Sema. Mjini?"

"Sitaki."

"Pembezoni?"

"Sitaki."

"Basi ni shamba, kwangu," akasema Mweusi.

"Shamba nataka. Kwako sitaki."

"Sasa unataka wapi?"

"Hapa niliposimama."

"Hapa hapamo katika yale tuliyokubaliana!" wakasema wote watatu. Wakaanza kusukuma udongo ndani ya kishimo kwa miguu yao, Mama Kishungi akiwa bado ndani. Ukafika kwenye vidole vyake. Hakutoka.

"Fukieni," akasema. "Mtanifukia nimesimama."

Hapo kivuli kikapita juu yao. Mwewe! Alikuwa ameona majogoo watatu wanono uwanjani, wameinamisha vichwa.

Mwekundu akafungua mdomo apige kelele ya hatari. Sauti haikutoka, alikuwa ameizoesha kunong'ona. Mweupe akageuka kumtafuta Mbwa. Mbwa hayupo. Mweusi akajitupa chini ya tenga lake, na mkia ukabaki nje. Mwewe akaulenga ule mkia.

Mama Kishungi hakukimbia. Alimgeuzia Mwewe mgongo, akakita miguu katika kishimo, akachakura. Akachakura kama mtu anayetafuta mtoto chini ya udongo. Vumbi likapaa, likamjaa Mwewe macho yote mawili. Mwewe akaligonga ghala, akaanguka, akainuka akipepesuka, akaenda zake bila kuona njia. Hakurudi tena upande ule.

Vumbi likatulia. Mweusi akatoa kichwa kwenye tenga. "Mama, umejifunza wapi hayo?"

"Hapa hapa mnapopafukia," akasema Mama Kishungi. "Niliwauliza mara tatu, miguu hii ya nini? Hamkunijibu. Sasa mmejibiwa."

Wanawe wakatazamana. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kuutoa udongo waliouingiza. Mama Kishungi akasimama pembeni akiwaonyesha kina cha zamani. "Bado. Ongeza. Baba yenu hakuchimba kidogo hivyo."

Mafunzo ya ngano hii ni haya. Anayechaguliwa mahali pa kuishi na wengine, hata kwa mapenzi, hubaki na miguu isiyo na kazi. Mji si mbaya, pembezoni si pabaya, shamba si pazuri kwa kuitwa shamba. Uliza tu: nikifika huko, bado nitafanya kazi yangu? Bado nitatoa sauti yangu? Ukiambiwa hapana, kataa, hata kama anayekuita ni mtoto wako wa kumzaa.

Ngano yangu nimeitua. Anayeweza aibebe; asiyeweza asiipige teke.

Bibi alikung'uta maganda ya maharage kwenye kanga yake, akauliza, "Kuna mwenye neno?" Baba alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikwenda kuziba tundu lililokuwa kwenye paa la jiko la Bibi.

Bibi aliishi katika nyumba ile miaka kumi na tisa zaidi, akilima mwenyewe, akafia humo. Baba mkubwa Senzia amefariki. Baba amefariki. Shangazi Naetwe alifariki mwaka juzi. Baba mdogo Mbonea yu hai. Aliuza nyumba ya Moshi, sasa anaishi Gonja, katika nyumba ya Bibi, peke yake. Ana miaka themanini na mmoja, na wanawe wameanza kumwambia ahame. Huwaonyesha miguu yake.