Mwanakombo na Ugomvi wa Kushikika Mkononi

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme walijua kila kitu isipokuwa bei ya chumvi, Sultani Zahidi alitawala mji wa Shungwi. Mitaa miwili ya mji huo, Kilimani na Bondeni, ilipigania kisima kimoja hata mitungi ikavunjika na vichwa vikapasuka. Basi Sultani akawatuma wanazuoni wawili wauchunguze ugomvi ule.

Sheikh Burhani akahesabu: mitungi tisini, vichwa ishirini na kimoja. Sheikh Nasibu akasikiliza visa vya watu, akarudi na mzigo wa makaratasi na macho mekundu kwa kulia. Mbele ya kiti cha enzi kila mmoja akauita ujuzi wa mwenziwe upuuzi, na ikawa hao wajuzi wa amani wameshikana kanzu.

Mwanakombo, mfinyanzi fukara wa Bondeni ambaye watu walimwita punguani, alikuwa ameleta mtungi jikoni mwa Sultani, na kelele zikamvuta hadi mlango wa baraza. Kaka yake alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa. Hata hivyo kicheko kikamshinda.

"Wacheka nini, mwanamke?" akauliza Sultani.

"Niwie radhi, bwana wangu. Huyu kahesabu asiulize, na huyu kauliza asihesabu. Nao wote wawili wamechoka sana."

Sultani akaghadhibika. "Basi wewe niletee huo ugomvi hapa, niushike kwa mkono wangu, kabla ya sala ya Ijumaa. Ukishindwa, nitakifukia kisima. Pasipo kisima hapana ugomvi wa kisima."

Mawaziri wakaisifu hekima hiyo. Wao walikuwa na visima majumbani mwao.

Mwanakombo akarudi na moyo mzito. Akapita nyumba kwa nyumba, mitaa yote miwili, akiuliza kila mtungi ulivunjika siku gani, na kila jibu akalitia alama ya mkaa kigaeni. Siku ya tatu akaona alama karibu zote zimelundikana Jumatatu na Alhamisi. Lakini mkaa haukumwambia kwa nini. Basi akapanda Kilimani, mtaa wa waliompasua kaka yake kichwa, akaketi na ajuza aitwaye Bi Rehani, akamsikiliza.

"Mwanangu," akasema Bi Rehani, "siku hizo farasi wa Sultani huogeshwa. Sisi tukifika, kisima kimebaki tope na ndoo mbili. Nani atamgombeza farasi wa Sultani? Twagombana wenyewe."

Ijumaa asubuhi Mwanakombo akamsihi mchunga farasi, naye, aliyekuwa na kovu la ugomvi wa kisima, akampa farasi mweupe aliyependwa kuliko wote. Akaingia naye barazani, akamkabidhi Sultani hatamu.

"Ushike vizuri, bwana wangu. Huuma."

"Huyu ni farasi wangu."

"Ndiye. Ugomvi wako una miguu minne na hupenda kuoga." Akamwekea kigae magotini, akamsimulia maneno ya Bi Rehani, neno kwa neno.

Sheikh Burhani akatazama dari. Sheikh Nasibu, kwa mara ya kwanza, alikosa machozi. Sultani akatazama alama, akamtazama farasi, uso ukamwiva kwa haya. Kisha akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Farasi waogeshwe mtoni tangu leo," akaamuru. "Nawe, Mwanakombo, taja zawadi yako. Dhahabu? Nyumba?"

"Bwana wangu, umekwisha kunipa Jumatatu na Alhamisi," akasema Mwanakombo. "Siku nyingine tano tulikuwa nazo."