Fisi Aliyewatafunia Wazee

Kaeni mkao wa kusikia, na aliye mlangoni asogee ndani. Maneno haya ni ya zamani lakini hayajachacha.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mawe yakalia. Ubaridi ulibaki mahali pamoja tu: pango la Mzee Kobe, lenye vyumba vitatu, jiko moja, kinu kimoja na maji yaliyodondoka ukutani tone kwa tone. Kobe alikuwa mganga wa vidonda, na hakupenda kukaa na neema ile peke yake. Akatangaza, "Chumba hapa hapewi mwenye shida yake. Hupewa anayebeba shida ya wenziwe."

Chumba kimoja akabaki nacho yeye na wagonjwa wake. Sungura, msuluhishi wa magomvi, akapata cha pili. Cha tatu kilimngoja Bi Kanga, mlezi wa yatima, ambaye bado alikuwa porini akikusanya vifaranga walioachwa na ukame.

Fisi akamtangulia.

"Hodi, Mzee Kobe! Nami nina chama. Kinaitwa Tuwatafunie Wazee. Vibogoyo wote wa pori hili tunawatafunia nyama mpaka ilainike kama uji."

"Jambo jema hilo. Viongozi ni akina nani?"

"Mwenyekiti mimi. Katibu mimi. Mweka hazina, kwa kuwa ni kazi ya mtu mwaminifu, nikaona niwe mimi."

"Na wazee wenyewe?"

"Wako njiani, mzee wangu. Kwani wazee hukimbia?"

Kobe, ambaye tangu azaliwe hajakimbia, aliliona neno hilo lina ukweli. Akampa chumba.

Bi Kanga alipofika na vifaranga kumi na mmoja, alikuta mlango umezibwa na mgongo wa Fisi. Akajibanza nao nje, chini ya kichaka cha miiba chenye kivuli kama chekecheke. Siku ya nne yule mdogo kuliko wote, Kidoti, akalala ubavu, mdomo wazi.

"Amka, mwanangu, amka," Kanga akambembeleza, akimfunika kwa bawa.

Ndani, Fisi akajinyoosha. "Ah, kazi ya kujitolea inachosha jamani!"

Sungura akasikia yote mawili. Hakugombana. Akaenda moja kwa moja kwa Simba, mzee asiyebakiwa na jino hata moja.

"Shikamoo, mfalme. Mbona umekonda?"

"Marahaba. Sijakonda. Nimechoka kutafuna, basi."

"Kuna chama kinawatafunia wazee."

"Mimi nisaidiwe? Mimi?" Simba akanguruma. Kisha, kwa sauti ya chini, "Wanakaa wapi? Nitakwenda kuwakagua."

Kesho yake pango likatikisika kwa hodi. Simba akatua paja la nyati aliyeuawa na wanawe, akatandika jani kubwa kando yake. "Tafuna. Weka hapa."

Fisi akatafuna. Loo, nyama ile! Taya zikaenda, udenda ukashuka, koo likalia: gudu!

"Iko wapi?"

"Samahani, mfalme. Imepotea njia."

"Tafuna tena."

Gudu!

Sungura akachungulia mlangoni. "Mwenyekiti, hebu mwachie katibu naye ajaribu."

Mara ya tatu Fisi akafumba macho, akabana midomo, machozi yakamtoka. Gudu! Jani tupu.

"Mfalme," akalia, "meno ni ya chama, lakini koo ni langu mwenyewe!"

Simba akainua kofi. Fisi akatoka mbio, akapenya kichaka kile kile cha miiba, na mpaka leo makalio ameyainamisha.

Kanga akaingia na watoto wake. Kobe akamdondoshea Kidoti maji ya ukutani, tone moja, tone la pili. Kifaranga akapiga chafya, akafumbua jicho, akauliza, "Tunakula nini?"

Sungura akaitwanga kwenye kinu nyama iliyosalia. Simba akala mpaka akalamba jani, akasema alikuja kukagua tu, na kesho atakagua tena.

"Kuanzia leo," akasema Kobe, "atakayeniambia watu wake wako njiani, akawangojee huko huko njiani."

Njia ya mwongo ni fupi.