Mawifi wa Chumba cha Utando

Mgonjwa anayejifanya mzima huwadanganya watu kwa muda tu, maana mwili haujui kutunza siri. Mawifi wawili walilijua hilo, ila kila mmoja alidhani wahenga walikuwa wakiwasema wengine.

Walifanya kazi katika maabara moja. Mkubwa, mtafiti, ndiye aliyemwombea kazi mdogo, dada wa mumewe. Waliyeyusha mafuta kwa klorofomu, kimiminika ambacho mvuke wake hudhuru ini, wakayakausha, wakayatia maji yakawa utando kama ule unaofunika seli za mwili. Kisha waliusukuma utando huo katika vijia vyembamba kama unywele vilivyochongwa ndani ya silikoni. Vijia vilipopinda, nao ulipinda, na kwa hadubini wakatazama ni dawa gani ing'ang'aniayo penye mpindo.

Feni ya kabati la kufyonza mvuke ilinguruma kama kawaida, lakini haikuvuta kitu, na mvuke ukabaki chumbani. Mtafiti akaanza kuumwa kichwa, kisha kutapika. Alikuwa akijifungia msalani, anafungulia bomba, halafu anarudi akitabasamu. Mkuu wao alikwisha kusema kwamba asiyejiweza ampishe mwingine, na majibu waliyoyahangaikia yalikuwa yamekaribia.

Wifi naye akaanza kuvaa miwani myeusi hata ndani, akidai taa ya hadubini inamuumiza. Mtafiti akamtania kuwa siku hizi amekuwa msanii. Wakacheka, kila mtu na lake moyoni.

"Wifi, uko sawa kweli?" mtafiti akauliza.

"Niko sawa. Labda wewe, mbona umekonda?"

"Kazi tu, wifi."

Laiti mmoja wao angefungua kinywa! Mwenzake naye angetaja yake, na feni ingekaguliwa siku ileile. Lakini walirudi kazini.

Wiki iliyofuata wifi alianguka kando ya meza. Miwani ilipomtoka, macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Hospitalini daktari alisema ini limekwisha, akauliza kama kuna mwingine kazini anayeumwa. Mtafiti aliinamisha kichwa. Mumewe alikuwa amesimama ubavuni pake.

"Mimi," akasema.

"Tangu lini?" mume akauliza.

"Kabla yake."

"Ukamwacha dada yangu aendelee kuingia mle?"

Wifi alikata roho kabla ya jua kuchwa, na mtafiti akalazwa wodi ileile, akisikia kilio cha wakwe zake ukumbini. Mumewe hakuingia kumwona. Mmoja alipelekwa kaburini na siri yake, mwingine akabaki uchi mbele ya ukoo mzima: mficha maradhi, kifo humuumbua.