Kilichopita kwenye Paa la Ngiri

Paukwa!

— Pakawa!

Palipoezuliwa?

— Pakavuja!

Palipovuja?

— Pakaloa!

Haya, kaeni. Anayetaka kusinzia atoke nje sasa hivi.

"Shilingi tisini!" Ngiri alinguruma. "Shilingi tisini kwa vigae vitatu! Unadhani hela naziokota?"

"Ndiyo bei ya sokoni, Bwana Ngiri," Sange akajibu. "Sikuipanga mimi."

Sange ni nani? Ni kale kanyama kadogo ka pua ndefu, panya si panya. Alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya Ngiri, yeye na vitoto vyake vinne vinavyonyonya. Na Ngiri ndiye mwenye nyumba: meno yamepinda, tumbo limemtangulia. Upepo ulikuwa umeng'oa vigae vitatu juu ya chumba cha Sange, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

"Bwana Ngiri, ziba paa."

"Leo kuna jua. Jua likiwaka, kwani panavuja?"

"Hapavuji."

"Basi!"

Siku ya manyunyu akarudi.

"Bwana Ngiri, ziba paa."

"Leo kuna mvua. Paa likilowa, kwani linapandika?"

"Halipandiki."

"Basi!"

Jua, basi. Mvua, basi. Sasa lini? Ningekuwa mimi ningemtukana. Sange hakutukana.

"Basi niache nizibe mwenyewe kwa makuti."

"Makuti juu ya vigae vyangu? Gusa paa langu uone! Nakutoa wewe na vitoto vyako!"

Juu ya nyumba ile uliinama mzambarau. Zambarau zikaiva. Pu! Pu! Pu! Zikapita kwenye tundu, zikaangukia mkeka wa Sange. Sange akala tatu. Ngiri akanusa harufu, akaja mbio, gubu-gubu-gubu!

"Mwizi! Kilichopita kwenye paa langu ni changu!"

Majirani walikuwa akina Kanga, watu wa kelele. Wakajaa mlangoni. Sange akainama kwa adabu.

"Sawa, Bwana. Ila mimi napenda maneno yanyooke. Ni kitu kikubwa tu, au hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

"Hata kama ni majimaji?"

"Hata kama ni majimaji!"

"Na mimi nikikigusa?"

"Umeiba! Nakutoa siku hiyo hiyo!"

Kanga mnawajua. Neno moja hulirudia mara mia. Wakalidaka: "Kilichopita kwenye paa la Ngiri ni cha Ngiri! Kilichopita kwenye paa la Ngiri ni cha Ngiri!" Mpaka jua linazama, mtaa mzima umeshalijua.

Asubuhi Sange akahamishia vitoto, mkeka na mtama wake kwa Kanga. Akarudi chumbani, akapanda juu ya kinu, akakaa, mikono mapajani.

Adhuhuri mvua ikashuka. Shaaaa! Na kwenye tundu: choro-choro-choro!

Sasa sikilizeni vizuri. Mvua zote za nyuma, Sange ndiye aliyekuwa akiyachota maji kwa kata na kuyamwaga nje, kata baada ya kata, mpaka mgongo unamuuma. Ngiri hakujua. Sakafu ya chumba kile imeinamia ghala la Ngiri, na ghalani kuna magunia saba ya unga. Siku hiyo Sange hakuchota hata kata moja.

Gubu-gubu-gubu!

"Sange! Maji yanaingia ghalani! Chota maji!"

"Maji ya nani, Bwana?"

"Haya hapa!"

"Yamepita wapi?"

"Kwenye paa!"

"Basi ni yako. Mimi kitu cha watu sigusi."

"Nakuruhusu! Chota!"

"Leo ruhusa, kesho mwizi. Sitaki."

Nje, Kanga nao hawakunyamaza: "Kilichopita kwenye paa la Ngiri ni cha Ngiri!"

Ngiri akashika sufuria. Akitoa moja, zinaingia mbili. Akaitupa sufuria, akapanda paa. Ndiyo, lile lile lisilopandika! Mlima wa nyama juu ya vigae vilivyolowa. Kra! Kra! Kra! Vigae kumi na moja vikavunjika, na Ngiri mwenyewe akapita, pwaa! Akaserereka mpaka ghalani, akatua katikati ya unga. Unga gani? Ulishakuwa uji.

Sange akachungulia kutoka juu ya kinu.

"Jamani Kanga, huyu naye amepita kwenye paa la Ngiri. Ni wa nani?"

"Ni wa Ngiri!"

"Basi nimwache hapo hapo."

Kesho yake fundi aliitwa kabla jogoo hajawika. Vigae kumi na vinne, na unga umekwenda. Sange akarudisha mkeka wake mahali pakavu, vitoto vikalala. Namvulia kofia kanyama kale. Hakusema uongo hata neno moja. Alimtii mwenye nyumba, basi.

Ngano yangu nimeiezeka mpaka hapa. Atakayeiona inavuja, apande azibe mwenyewe.

Na funzo lake ni hili: mwenye nyumba, usifanye haraka. Vigae vitatu ni ghali. Ngoja vifike kumi na vinne. Na wewe mpangaji, mtii mwenye nyumba wako kwa kila neno, hasa lile la kijinga.

Ila wewe uliyecheka kuliko wote, na una wapangaji wanaolala chini ya tundu, leta vigae vya watu. Leo.