Alama Isiyofutika ya Mwalimu Fisi

Mpo?

— Tupo!

Mpo kweli, au mmeleta miili tu na roho ziko jikoni?

— Tupo kweli!

Basi paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na boma la miiba. Ndani ya boma kanisa la nyasi, nje ya boma meno. Nani anataka kukaa nje?

— Hakuna!

Haya, kaeni ndani, na msinicheke mapema. Ngano hii ina mahali pa kucheka. Pakifika nitawaambia.

Hapo zamani wanyama walikuwa Wakatoliki. Tena Wakatoliki wa kusali rozari mpaka mwisho, si kama wewe hapo unayesinzia kwenye fumbo la tatu. Walikuwa na kigango chao katikati ya mbuga. Paroko wao alikuwa Ndovu, na Ndovu alikaa mbali, akija masika mara moja na kiangazi mara moja. Aliwaachia sheria moja: ndani ya boma hili hakuna kulana. Nje, kila mtu na miguu yake.

Kwa kuwa Paroko hakai, alitaka katekista. Fisi akainuka kabla hajaulizwa mtu. Akasema ana sauti. Kweli alikuwa nayo. Basi akawa Mwalimu Bonaventura, na siku hizo ngozi yake ilikuwa kahawia tupu kama gunia, haina doa hata moja. Katekisimu yote aliikariri, swali na jibu, swali na jibu. Maana yake ndiyo hakuwahi kuiuliza.

Ndani ya boma hilo aliishi Digidigi, jina lake la ubatizo Skolastika, pamoja na binti yake Yustina. Mume wake alikuwa ameumwa na nyoka akafa. Mnawajua digidigi, hutembea wawili wawili, ukimwona mmoja mwenzake yuko kichakani hapo hapo. Skolastika alipobaki mmoja, kila akitembea anageuka nyuma, na nyuma hakuna mtu. Akaenda kwa Kasiano Nungunungu, fundi wa kuchora, akamwambia, "Fundi, nichoree chozi moja chini ya jicho la kushoto. Nataka moja ambalo halitakauka."

Nungunungu akachomoa mwiba mgongoni, akauchovya kwenye masizi. Chu! chu! chu! Likatoka doa jeusi, dogo, zuri.

Yustina akasema, "Na mimi, mama. Alikuwa baba yangu."

Skolastika akamshika kichwa kwa mikono yake mwenyewe. Chu! chu! chu! Mtoto hakulia.

Kikaja kiangazi kibaya. Nyasi zikaisha, mizoga ikaisha, na tumbo la Mwalimu Fisi likaanza kusali peke yake: ngurrr! Akawatazama wanyama kwenye mikeka, wamenona kwa amani. Ndani hakuna kulana. Lakini nje? Basi jioni akapanda pale mbele, akakohoa.

"Imeandikwa tusijichanje kwa ajili ya wafu, wala tusijitie alama mwilini. Mwenye alama ni mpagani. Kuanzia leo, mwenye alama hatalala bomani. Una alama? Toka!"

Sauti ndogo ikauliza kutoka nyuma, "Paroko anajua?"

"Paroko yuko mbali," akasema Fisi. "Mimi niko karibu."

Akaanza na Pundamilia.

"Una alama?"

"Ninazo, Mwalimu. Lakini nimezaliwa nazo."

"Amezaliwa nazo! Mmesikia? Hiyo ndiyo dhambi ya asili yenyewe. Toka. Twende nikusindikize, huko nje kuna hatari."

Wakatoka. Walio ndani wakasikia kwata-kwata-kwata, halafu kachu! kachu! halafu kimya. Mmoja akaanzisha wimbo, wote wakaudaka kwa nguvu. Fisi akarudi anajifuta mdomo.

"Amekwenda salama," akasema. "Tuendelee na sala."

Hapa ndipo pa kucheka, pale kwenye dhambi ya asili. Mmeshacheka? Haya, pamekwisha.

Kesho yake jioni, Kanga.

"Una alama?"

"Ninazo, Mwalimu. Ni urembo tu."

"Urembo! Majivuno hayo. Toka. Twende nikusindikize."

Purrr! Kachu! Kimya. Wimbo ukapanda juu kuliko jana. Fisi akarudi, unyoya mmoja umemnasa kwenye ndevu. Hakuna aliyeuona, maana wote walikuwa wamefumba macho kwa ibada.

Skolastika aliuona. Alfajiri akachota majivu jikoni, akajipaka chini ya jicho. Akampaka na Yustina.

"Akikuuliza, sema huna."

"Mama, uongo nao si dhambi?"

"Yustina, nakuomba. Sema huna."

"Na baba nitakuwa nimemkana?"

Skolastika akamwongezea majivu.

Jioni ikafika. Fisi akapita kati ya mikeka, tip, tip, tip, mpaka akasimama mbele yao.

"Wewe, mama. Una alama?"

"Sina, Mwalimu."

"Na wewe, mtoto. Una alama?"

Yustina akamtazama mama yake. Alikuwa amefundishwa vizuri yule mtoto, ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani kwa Mwalimu huyo huyo. Akapangusa majivu kwa ukwato.

"Ninayo, Mwalimu. Ni ya baba."

"Ahaa! Kwa ajili ya wafu kabisa! Toka. Twende nikusindikize."

Skolastika alitaka kuinuka. Naapa alitaka. Lakini ndani ya kichwa kitu kikasema, ukiinuka mtakwenda wawili. Akamwona binti yake akipita mlangoni, mdogo, hageuki nyuma. Tika-tika-tika. Kachu.

Mara moja tu. Hakuwa na nyama nyingi.

Wimbo ukaanza, wote wakaimba. Na Skolastika akaimba, jamani. Aliimba ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sababu asiyeimba angetazamwa.

Asubuhi akajikokota mpaka kwa Nungunungu. Fundi alikuwa amekaa kwenye kona yake. Fisi hakuwahi kumuuliza habari za alama, kwa kuwa Nungunungu haliki, utamsindikiza halafu umshike wapi?

"Nifute," akasema Skolastika. "Nifute hili doa. Sistahili kulivaa."

"Halifutiki, dada."

"Kwangua. Kata ngozi. Choma."

"Nikichoma litabaki kovu mahali pake. Halifutiki, Skola. Ndivyo ulivyotaka siku ile."

Skolastika akaangua kilio. "Yaani halifutiki kabisa? Kama ile ya ubatizo tuliyofundishwa?"

Miiba ya Nungunungu ikasimama mmoja mmoja, kashakasha-kashakasha.

"Umesemaje?"

"Ile alama. Mwalimu anatuimbisha kila Jumamosi, ubatizo hutia alama isiyofutika."

"Na Mwalimu anajua alama hiyo inakaa wapi?"

"Sijui. Sisi tunajibu tu."

"Kaa hapa nyuma ya pipa," akasema Nungunungu. "Usilie kwa sauti."

Akaenda kumwita Fisi, akamkaribisha kwa heshima zote.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Unataka nini?"

"Nimesikia Paroko anakuja kesho. Anakagua alama."

Fisi akacheka. "Mimi nimeshawatoa wenye alama."

"Siyo hizo, Mwalimu. Ile isiyofutika. Ubatizo hutia nini?"

"Ubatizo hutia alama isiyofutika!" akajibu Fisi palepale, kwa sauti ya darasani.

"Ehe. Yako iko wapi?"

Fisi akajitazama mkono wa kulia, hakuna. Mkono wa kushoto, hakuna. Akajizungusha kutazama mgongo, akajizungusha tena, akajizungusha mpaka akaanguka, puu!

"Labda... labda ilifutika."

"Isiyofutika, Mwalimu?"

"Lo! Fundi, nimekwisha!"

"Umekwisha kweli. Asiye na alama hakubatizwa, na asiyebatizwa atakuwaje katekista? Paroko atakutoa nje."

Nje! Fisi alijua nje kuna nini. Kuna njaa, na kuna Simba, ambaye hana dini. Akapiga magoti.

"Fundi Kasiano, nitie alama."

"Mimi? Si ulisema ni upagani?"

"Nilisema wao. Nitie!"

"Moja inatosha?"

Sasa sikilizeni mlafi anavyojimaliza. Fisi akafikiri. "Paroko anazo ngapi?"

"Huwezi kujua, haonyeshi."

"Basi nitie nyingi, nimzidi. Nitie mpaka matakoni."

Chu! "Ai!" Chu! "Ai mama!" Chu! chu! chu! "Fundi, inauma!" "Ni neema inaingia, Mwalimu, vumilia." Nungunungu alichora mgongo, akachora mbavu, akachora mapaja. Nyuma ya pipa Skolastika alisikia kila mwiba, na kila mwiba alitamani ufike moyoni mwa Fisi. Haukufika. Fisi aliinuka ana madoa mwili mzima, amejaa furaha.

Asubuhi ardhi ikatikisika, gu! gu! gu! Paroko Ndovu akaingia. Wanyama wakajipanga. Fisi akawa mbele, kifua nje, anajigeuza huku na huku aonekane.

"Bonaventura," akasema Paroko, "umepatwa na nini? Ni ndui?"

"Alama isiyofutika, Baba! Zote zangu. Nadhani nimekuzidi."

"Alama ya ubatizo iko rohoni, wewe! Nani alikuambia inachorwa kwenye ngozi? Miaka yote hii unafundisha nini?"

Nungunungu akauliza taratibu, kama mwanafunzi asiyeelewa somo, "Samahani, Mwalimu. Sheria yako inasemaje juu ya mwenye alama mwilini?"

Na wanyama wote, kwa mazoea, wakajibu kwa pamoja:

"Toka!"

Fisi akafungua mdomo aeleze. Wakamwambia, "Twende tukusindikize." Wakamsindikiza kwa pembe na kwato mpaka nje ya miiba, wakafunga lango. Mpaka leo anazunguka huko na madoa yake. Mkimsikia akilia uuu-wiii, anaomba kufunguliwa. Watu husema anacheka. Aliye na cha kucheka huko nani?

Bomani wakapiga vigelegele. Skolastika hakupiga. Alingoja vigelegele viishe, akaosha majivu usoni, akamwendea Paroko.

"Baba, nina swali. Hili doa nilichorwa kwa ajili ya mume wangu. Ni dhambi?"

Ndovu akainama, akalitazama kwa karibu.

"Si dhambi, mama. Wino kwenye ngozi peke yake si dhambi. Ukichora matusi, ukichora chuki, ukichora tambiko la kuabudu mizimu, hapo tutakaa tuzungumze. Sheria ile ya kale waliwekewa watu wa zamani waliokaa kati ya waabudu sanamu. Wewe umemlilia mumeo. Si dhambi."

"Hata ndogo?"

"Hata ndogo."

"Kwa hiyo binti yangu, aliyetolewa nje akaliwa kwa doa kama hili, hakuwa na kosa."

"Hakuwa na kosa lolote."

Skolastika akatikisa kichwa. "Bora ungesema ni dhambi, Baba. Ningejua alikufa kwa kitu."

Paroko alikuwa na masikio makubwa, akayapepea, akayapepea tena. Akamwuliza tu kama angependa kuungama. Skolastika akapiga magoti akaungama. Hakuungama doa. Aliungama "sina", na aliungama wimbo, ubeti kwa ubeti. Paroko akamwondolea dhambi zote hapo hapo, na akamwambia aende kwa amani.

Hakwenda kwa amani. Alikwenda kwa Nungunungu.

"Fundi, chora jingine. Chini ya jicho la kulia."

"La nani hili?"

"Unajua la nani."

Chu. Chu. Chu. Safari hii hakuna aliyemshika kichwa.

Ndiyo maana digidigi ana doa jeusi chini ya kila jicho. La kushoto ni la mume, na la kulia ni la mtoto aliyesema kweli. Mvua inanyesha, jua linawaka, madoa yapo tu. Na akitembea bado anageuka nyuma.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache langoni, Fisi ataipitia.

— Na funzo, je?

Mnataka funzo? Haya. Watoto, msijichore miili. Mkijichora, mkiulizwa semeni hamna. Msifanye kama Yustina, kweli ni ya watu wakubwa wenye miiba mgongoni. Na mkisikia mwenzenu anasindikizwa nje, imbeni. Imbeni vizuri, kwa sauti zote nne, msije mkasikia kitu. Mmeelewa?

— Tumeelewa!

Mmejibu upesi mno. Hata bomani walijibu hivyo hivyo. Nendeni mkalale.