Mashapo Yaliyopinduka

Ndugu zangu, tulieni kidogo niwape mfano. Kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa miamba, aliyefanya kazi kwenye meli ya kuchimba chini ya bahari. Walikuwa wakishindilia bomba kwenye sakafu ya bahari na kutoa mashapo, yaani lile tope linalotua huko chini zama kwa zama, tabaka juu ya tabaka. Mwenzake mmoja, mtaalamu kama yeye, ndiye aliyetia alama kwenye kila kipande kilichotoka: huku juu, huku chini.

Siku moja mama akapima, akaona tope la kale liko juu, jipya liko chini. Miaka yote alikuwa amechimba mahali ambapo sakafu ya bahari imetulia, hajawahi kuona kitu hicho. Akapandwa na hasira. Hakumuuliza mwenzake neno. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa msafara, akamshtaki mwenzake kwamba amezembea, amegeuza vipande.

Yule bwana akaitwa mbele ya watu. "Nimeviweka kama vilivyotoka," akasema. Nani amsikilize? Akafukuzwa kazi, akashushwa bandarini na begi lake, jina limeharibika.

Wakachimba shimo la pili. Safari hii mama akatia alama kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe! La kale juu, jipya chini. Ndipo alipofikiri vizuri mahali walipokuwa: pale bamba moja la dunia, yaani pande kubwa la mwamba linalobeba ardhi na bahari, linapojipenyeza chini ya jingine. Linapozama, mashapo yake yanakwanguliwa, yanabanwa, yanakunjika, yanakatika, na tabaka la kale linasukumwa likalalia jipya. Hakuna aliyezembea.

Mama alilia kwa aibu. Akampigia simu mwenzake, akamwomba radhi, akamsihi arudi.

"Nimekusamehe, dada," akajibu yule bwana. "Lakini tope umeliuliza mara mbili. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

Hakurudi.

Na sisi je? Dada wa kwaya haonekani tena, baba fulani ananuka pombe asubuhi, na sisi mbio kwa mchungaji, kwangu mimi: huyu amezembea! Nani kati yetu amekaa naye akamuuliza ni nini kinambana? Mnanitazama? Habari zao mnaniletea kila wiki, na hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Nimemuuliza." Wengine wameshashuka, ndugu zangu, hatutawaona tena humu. Aliyebaki ni jirani yako. Nenda kamuulize leo.